Nuru au Masafa: Mjadala wa Kuchagua Lenzi

Miongoni mwa masuala yanayomtatiza mtu aliyekwisha kupata kamera, na ambaye mfuko wake haumruhusu kuongeza zaidi ya lenzi moja, hakuna linaloulizwa mara nyingi wala linalojibiwa kwa pupa kuliko hili: je, fedha yake aitumie kwa lenzi yenye tundu pana, inayopokea nuru nyingi hata penye kiza lakini haivuti mbali, ama aitumie kwa ile ya masafa marefu, ambayo kwa kuzungusha pete moja huanzia ukumbi mzima ikaishia kwenye uso wa mtu aliye ng'ambo ya uwanja, ila tundu lake limebana? Muuza duka aghalabu humjibu kwa kutazama rafu yake, na rafiki humjibu kwa kutazama lenzi aliyonayo mwenyewe. Na majibu yote mawili hayamfai kitu, kwa kuwa hakuna katika hao aliyemwuliza kwanza anapiga picha za nani, wapi, na saa ngapi.

Nimeona basi ni insafu hoja za kila upande zisemwe kwa ukamilifu wake na mtu anayeziamini, nami nimezipanga kwa sauti tatu. Mwenye Nuru ni mama wa makamo wa Mombasa, ambaye kazi yake ni shughuli za wanawake, hususan usiku wa kupamba, ambako mwanamume haingii na simu huzuiliwa mlangoni. Mwenye Masafa ni bwana aliyezunguka mbuga na bandari za pwani hii, na kamera yake imezoea jua na vumbi. Binti ni mwanafunzi wao wote wawili. Ana kamera ya sensa ndogo, yaani ile ambayo upana wa sensa yake ni takriban theluthi mbili ya upana wa picha ya filamu ya milimita 35, pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo katika boksi.

BINTI: Shikamooni, wazee wangu. Nimeanza kuitwa katika kupamba, na hii lenzi niliyo nayo imenishinda. Nikiwa karibu na jukwaa, picha zatoka na kiza au zimetikisika; nikirudi nyuma ili nisiwazibe wageni, bibi harusi huwa mdogo. Fauka ya hayo, nimeombwa nikapige picha za mashindano ya majahazi kule Lamu. Fedha niliyoweka yatosha lenzi moja tu, na dukani nimewekewa mbili mbele yangu: moja ni ya milimita 17 hadi 50, na tundu lake ni f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni ya milimita 18 hadi 200, na tundu lake ni f/3.5 mwanzoni na f/5.6 mwishoni. Nichukue ipi?

MWENYE NURU: Marahaba, mwanangu. Chukua ya f/2.8, na sababu nitakueleza. Nambari hiyo si alama ya kubuni. Ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu linalopitisha nuru, na kwa hiyo nambari ikiwa ndogo, tundu ni pana. Fikiri chumba chenye dirisha moja: dirisha linaloangaza vema ukuta wa mwisho wa chumba kifupi, ukilitia katika chumba kirefu maradufu, ule ukuta wa mwisho hautapata ila robo ya nuru, ijapokuwa dirisha halikupungua hata kidogo. Ndivyo ilivyo lenzi. Ya milimita 50 yahitaji tundu la milimita 18 tu ili iwe f/2.8, ilhali ya milimita 200, ili ifikie f/2.8 hiyo hiyo, yahitaji tundu la milimita 71, na vioo vya kadiri hiyo ni vizito na ni ghali, hata zile lenzi za milimita 70 hadi 200 zenye f/2.8 hufika kilo moja au zaidi. Waliotengeneza hiyo ya 18 hadi 200 hawakukosa elimu. Walitaka chombo cha kubebeka chenye kuvuta mara kumi na moja, na gharama yake wakailipa kwa nuru. Sasa shika ngazi hii: f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8. Kila ushukapo daraja moja, nuru yapungua nusu. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 ni madaraja mawili, basi iliyobaki ni robo. Katika kumbi zetu, pale ambapo f/5.6 yakulazimisha kufungua shata kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, mimi kwa f/2.8 napiga kwa sehemu moja ya 120. Na baina ya kasi hizo mbili ndipo ulipo mkono wa somo unaopitisha chetezo cha udi, na kope za bibi harusi, na kicheko cha nyanya yake.

MWENYE MASAFA: Bibie, hesabu yako haina ila, nami siipingi. Ninalolipinga ni kutangulizwa hesabu mbele ya tukio. Binti huyu amesema kwa kinywa chake kwamba akirudi nyuma bibi harusi huwa mdogo. Hilo ni shtaka la masafa, wala si la nuru. Katika kamera yake, milimita 18 huona pembe ya digrii 76, na milimita 200 huona digrii 8. Na hiyo yako ya 17 hadi 50 hukoma kwenye digrii 31 au 32, karibu na pale inapokoma hii aliyo nayo sasa, ambayo kwa hakika haifiki mbali. Kisha kuna hayo majahazi ya Lamu. Akisimama gatini, jahazi limepiga tanga kule kwenye mkondo, je, atalifuata kwa miguu juu ya maji? Na mbugani je? Katika hifadhi za Kenya mtu haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipowekwa maalumu, na ndani ya kreta ya Ngorongoro gari halina ruhusa ya kuiacha njia. Akiwa simba amelala umbali wa mita mia, huyo ni mita mia, na f/2.8 yako ya milimita 50 itampa picha safi kabisa ya nyasi.

MWENYE NURU: Hayo ni ya mchana, nami nazungumza juu ya usiku.

MWENYE MASAFA: Basi na tuuseme mchana kwanza tuumalize, maana hoja ya tundu hapo haina pa kusimama. Penye jua kali la saa sita, kwa ISO 100, f/16 na shata ya sehemu moja ya 100 ya sekunde ndiyo kadiri ya nuru iliyo sawa. Hii ni kanuni ya tangu zama za filamu, na wapiga picha wengi waliitumia bila ya kuwa na kipimo chochote mkononi. Ukilifungua tundu hadi f/5.6 umepanda madaraja matatu, na shata yako sasa ni sehemu moja ya 800. Jahazi gani liendalo kwa kasi hata sehemu moja ya 800 ya sekunde isilisimamishe? Hapo mwenye f/2.8 na mwenye f/5.6 ni sawasawa, na yule wa pili ana milimita 200 mkononi.

Hapa Mwenye Masafa amenena kweli, nami sioni njia ya kumjibu: juani, tundu pana ni mali isiyotumika. Wako watu wengi, hasa wanaosoma sana habari za vifaa, wanaonunua nuru kwa bei kubwa kisha wakaishi nayo mchana mtupu. Lakini mjadala hauishii hapo, kwa sababu maisha ya watu wa pwani, yale yenye kustahili kuhifadhiwa katika picha, sehemu yake kubwa huwa baada ya magharibi: maulidi, harusi, ngoma, baraza, futari ya Ramadhani. Jua letu huzama saa kumi na mbili na nusu au karibu yake mwaka mzima, wala hatuna zile jioni ndefu za nchi za kaskazini ambazo humwachia mpiga picha nuru ya bure hadi saa tatu za usiku.

MWENYE NURU: Nami nataka uone, ndugu yangu, kwamba picha ya binadamu imekuzwa na tundu pana tangu asili yake. Kabla ya mwaka 1840, lenzi ya Chevalier iliyokuwa ikitumika ilikuwa na tundu la kadiri ya f/15, na aliyepigwa picha alilazimika kukaa dakika nzima nzima asijitikise. Katika mwaka huo, Joseph Petzval, mwalimu wa hisabati kule Vienna, alikokotoa lenzi ya f/3.6, nayo ikatengenezwa na nyumba ya Voigtländer. Nuru ikaongezeka zaidi ya mara 15, na ndipo watu wa kawaida walipoweza kukaa mbele ya kamera wakatoka na nyuso zao. Tena mwaka 1924 Ujerumani ilitoa kamera ndogo ya Ermanox, na lenzi yake, kazi ya Ludwig Bertele, ilikuwa f/2. Kwa kamera hiyo Erich Salomon, aliyekuwa amesomea sheria, aliingia mahakamani na katika mikutano ya mabalozi, akawapiga picha wakubwa wa dunia wakiwa wamechoka, wakinong'ona, wakisinzia, bila ya baruti ya kuwashtua. Si masafa yaliyomfikisha humo. Yeye alikuwa chumba kimoja nao. Aliyoihitaji ni nuru.

MWENYE MASAFA: Salomon alihitaji f/2 kwa sababu bamba za wakati wake zilikuwa nzito mno katika kupokea nuru. Leo sensa ya kamera ya Binti yapanda hadi ISO 6400 bila ya kulalamika. Na ukitaja nyumba ya Voigtländer, itaje yote: jina hilo hilo ndilo lililouza, mwaka 1959, lenzi ya Zoomar ya milimita 36 hadi 82, ubunifu wa Frank Back, ya kwanza ya kuvuta kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35. Kwa nini waliitafuta? Kwa sababu waliona kwamba mpiga picha anayebadili lenzi ni mpiga picha ambaye, kwa muda huo, hana kamera. Kisha tangu mwaka 1995, Canon ilipotoa lenzi ya milimita 75 hadi 300 yenye kizuia mtikisiko, mkono unaotetemeka umepata dawa. Hii ya 18 hadi 200 aghalabu huwa nacho. Sehemu moja ya 30 ya sekunde mimi naishika bila ya wasiwasi, hata moja ya 15.

MWENYE NURU: Mkono wako umepata dawa, anayepigwa picha hakupata. Kizuia mtikisiko huituliza kamera, hakimtulizi bibi harusi. Piga nyumba tupu ya Mji wa Kale saa mbili za usiku kwa sehemu moja ya 15, mawe yatakaa kimya na picha itakuwa safi. Mpige mwanamke anayecheza lelemama, utapata kanga bila ya mtu. Ama hiyo ISO 6400, haikuleti nuru hata tone. Huikuza ile haba uliyopata, pamoja na chembechembe zake. Utaniambia ziko programu za kusafisha. Naam, ziko, nazitumia. Lakini itazame hina baada ya kusafishwa: ule uzi mwembamba wa ua lililochorwa kiganjani, programu haiujui kuwa ni uzi au ni chembe ya uchafu, basi huvifuta vyote pamoja, na mkono uliokaa saa nyingi kuchorwa hubaki umepakwa rangi tu.

BINTI: Na flashi, Mama?

MWENYE NURU: Flashi yafaa, nami ninayo, na penye dari jeupe lililo chini huielekeza juu nuru ikarudi laini. Lakini kumbi nyingi dari lake liko juu mno au limefunikwa vitambaa vya rangi, na flashi ya kuelekezwa usoni huzipiga dhahabu na shanga zikang'aa, uso ukawa bapa, na taa zote zile alizolipia mwenye shughuli zikafutika. Anayelipia mapambo ataka kuyaona mapambo.

BINTI: Nina swali jingine. Kamera yangu yatoa picha ya pikseli milioni 24. Nikinunua lenzi fupi yenye tundu pana, siwezi kupiga kwa umbali kisha nikaikata picha nyumbani, nikambakisha bibi harusi peke yake?

Swali hili ndilo kiini cha shauri lote, na ni ajabu kwamba katika mazungumzo mengi juu ya lenzi halifikiwi. Wote wawili walilijibu, na kila mmoja akaongeza kitu ambacho mwenzake alikuwa hakukitia hesabuni.

MWENYE NURU: Waweza, na ndiyo hoja yangu ya pili. Picha ya pikseli milioni 24 ina upana wa pikseli 6,000 na urefu wa 4,000. Ukiikata nusu kwa upana na nusu kwa urefu, wabakiwa na 3,000 kwa 2,000, yaani milioni 6, nazo zatosha kuchapa picha ya albamu ya inchi 10 kwa zaidi ya 6 kwa nukta 300 katika kila inchi. Kwa hivyo milimita 50 yako imekuwa kama 100 bila ya kununua kitu. Ama picha iliyotikisika kwa sababu mtu alisogea, hiyo haikatwi ikapona. Upungufu wa masafa walipika baada ya tukio. Upungufu wa nuru haulipiki.

MWENYE MASAFA: Taratibu, Bibie. Ukikata nusu kwa nusu umebakisha robo ya eneo, na umetupa robo tatu ya nuru yote uliyoikusanya. Chembechembe zitaonekana kana kwamba ulipiga madaraja mawili chini. Milimita 50 kwa f/2.8 ina tundu la milimita 18. Milimita 100 kwa f/5.6 nayo ina tundu la milimita 18. Mkisimama mahali pamoja, mkapiga kwa kasi moja ya shata, kisha wewe ukaikata picha yako ilingane na yangu, nuru iliyotoka usoni mwa bibi harusi ikaingia kamerani mwako ni sawa na iliyoingia mwangu, bila ya kupungua wala kuzidi. Na mimi ninazo pikseli milioni 24 nawe una 6. Hapo nani amefaidika?

MWENYE NURU: Hapo umefaidika wewe, nakubali. Lakini hesabu hiyo hiyo yanipa mimi silaha nyingine. Mwache achukue si ile ya 17 hadi 50, bali lenzi ndogo isiyovuta, ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni katika zile za bei rahisi kabisa wanazouza, na uzito wake haufiki robo kilo. Tundu lake ni karibu milimita 28. Akiikata picha yake ilingane na yako ya milimita 100, bado amekusanya nuru zaidi ya maradufu kukushinda. Wewe hutamshinda ila upite milimita 150 hivi. Na kule, ndani ya ukumbi, hakuna anayefika.

Nimeyarudia mahesabu haya kwa kalamu, na yote ni sahihi. Yanafundisha jambo ambalo nambari ya f peke yake hulificha: mkiwa mmesimama mahali pamoja, mkikitazama kitu kimoja, kinachoamua ni nani amepata nuru zaidi kutoka kwa kitu hicho ni kipenyo halisi cha tundu kwa milimita, na lenzi ya kuvuta mbali si fukara kiasi inavyosemwa pale inapokuwa imenyooshwa hadi mwisho wake, ambapo 200 kwa f/5.6 hutoa tundu la milimita 36. Ufukara wake uko katikati. Ufikapo milimita 50, lenzi kama hiyo imekwisha kubanwa hadi karibu na f/5, na tundu lake ni milimita 10 tu. Na milimita 30 hadi 80, katika kamera ya sensa ndogo, ndipo zilipo takriban picha zote za nyuso za watu. Kwa rai yangu, hoja hii yamtosha mtu anayepiga picha za watu ndani ya nyumba, na sioni haja ya kumtafutia nyingine.

MWENYE MASAFA: Lakini msimwambie Binti habari ya f/1.8 mkamficha bei yake ya pili. Ukimpiga mtu kwa milimita 50 na f/1.8 kutoka mita moja na nusu, kina cha sehemu iliyo wazi katika picha ni kama sentimita 6, hakifiki hata nusu shibiri. Jicho la karibu litakuwa wazi, na sikio limekwisha kufifia. Sasa wataka picha ya bibi harusi na mama yake na khalati zake wawili nyuma ya kiti. Nani kati yao utamtoa? Stanley Kubrick, alipotengeneza filamu ya *Barry Lyndon* iliyotoka mwaka 1975, alitumia lenzi ya Zeiss ya f/0.7, iliyotengenezwa asili kwa ajili ya NASA, akapiga maonyesho ya ndani kwa nuru ya mishumaa tu. Na waigizaji walilazimika kukaa karibu bila ya kusogea, kwani kila aliyeinama mbele alitoka katika fokasi. Waigizaji hulipwa kutulia. Khalati wa bibi harusi halipwi.

MWENYE NURU: Kwa kundi nalifunga tundu hadi f/4 au f/5.6 na kulitilia flashi ya darini. Tundu pana laweza kufungwa. Lililobana haliwezi kupanuliwa. Nalo lina faida hata likiwa limefungwa, maana kamera nyingi zenye kioo hutafuta fokasi huku tundu limefunguliwa lote, na mpaka wakati wa kupiga ndipo hulibana. Katika kiza, lenzi ya f/5.6 huhangaika mbele na nyuma, na mpiga picha amesimama na kidole juu ya kitufe, na bibi harusi amekwisha kupita.

MWENYE MASAFA: Hilo la fokasi ni kweli, nami limenipata kwenye maulidi ya Lamu, uwanja wa Riyadha, usiku wa matari. Lakini na wewe usiniambie kwamba miguu hutosha badala ya kuvuta. Ukisogea karibu kwa milimita 18 umebadilisha uhusiano wa vitu: pua imekuwa kubwa, masikio yamekimbilia nyuma, na ukuta umeondoka. Ukisimama mbali ukavuta, uso hukaa katika umbo lake. Anayesema “tembea tu” hajui kwamba mahali unaposimama ni nusu ya picha.

BINTI: Wazee wangu, kabla sijaja nilifanya jambo moja. Kila picha huhifadhi ndani ya faili yake urefu wa fokasi, tundu, kasi ya shata na ISO. Nilizipitia picha za shughuli zangu zote, nikazitenga zilizoharibika. Za kuharibika kwa umbali zilikuwa chache, tena nyingi katika hizo ziliokoka nilipozikata. Zilizobaki zote ziliharibika kwa mwendo: f/5.6, shata ya sehemu moja ya 30 au chini yake, ISO imekwisha kupanda hadi nilipoogopa. Na urefu wa fokasi wa zile nzuri ni baina ya 24 na 55.

MWENYE MASAFA: Kama ungaliniambia hayo mwanzo, nisingalisema nusu ya niliyoyasema. Hiyo ni burhani, mwanangu, na mbele ya burhani mtu huacha ushabiki. Chukua yenye nuru. Majahazi ya Lamu ni siku moja. Lenzi ya kuvuta mbali ikodi kwa siku hiyo.

Nami naliona hili kuwa ndilo jambo lenye thamani kuliko yote yaliyosemwa. Hakuna nambari iliyochapwa juu ya pete ya lenzi inayoweza kumwambia mtu ni kipi kinachomzuia, kiza au umbali. Lakini picha zake mwenyewe, tena zile mbovu anazotaka kuzifuta, zimekwisha kuandika habari hiyo kwa nambari, na kuzisoma ni kazi ya jioni moja. Mtu ambaye mbovu zake ni za umbali, ndege wadogo, mabao ya mpira, majahazi, huyo asisikilize hata neno moja la Mwenye Nuru kabla hajapata milimita 200 au zaidi, f/5.6 penye jua haitamdhuru. Asiye na picha bado, sharti apige kwanza na lenzi ya boksi kwa muda, wala asione haya kwayo.

Lililobaki, na ambalo wazee hawa wawili hawakupatana, ni kama Binti achukue ile ya 17 hadi 50 kwa f/2.8, ama aigawe fedha yake kwa lenzi mbili zisizovuta, ya milimita 35 na ya milimita 50, zote f/1.8. Mwenye Nuru alishika ya pili kwa nguvu, akisema kwamba daraja moja na ziyada ya nuru ndiyo tofauti ya picha inayochapwa na picha inayoachwa. Mwenye Masafa aliikataa, kwa hoja kwamba usiku wa kupamba hauna nafasi ya kubadili lenzi, na kwamba anayeanza kazi ya kulipwa ahitaji kwanza kutokosa, kisha ndipo avutie. Mimi niko pamoja naye katika hili. Mwaka wa kwanza wa kazi, mwenye shughuli hukumbuka picha iliyokosekana kuliko anavyokumbuka iliyopendeza.

BINTI: Basi nachukua ya 17 hadi 50. Lakini mpya sitaiweza. Muuzaji anayo moja iliyotumika.

MWENYE MASAFA: Hapo nisikilize vizuri, kwa kuwa hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi, na kuvu hupenda kuota juu ya vioo vya ndani vya lenzi iliyofungiwa kabatini muda mrefu. Lenzi za kuvuta ambazo mwili wake hurefuka na kufupika huvuta hewa ndani kila zinapozungushwa, basi hizo zikague zaidi. Chukua tochi, fungua tundu lote, mulika upande mmoja na utazame upande wa pili kwa pembe. Vumbi dogo lisikutie hofu, halionekani katika picha. Lakini ukiona nyuzi nyembamba zilizotambaa kutoka ukingoni, iache hata kwa nusu ya bei, kwani kuvu hula ile rangi iliyopakwa kioo, na kuisafisha mara nyingi hugharimu kuliko ulichookoa. Kisha piga picha ya ukurasa wa gazeti ulioshikizwa ukutani, kwa 17, kwa 35 na kwa 50, zote f/2.8, uzikuze utazame pembe nne. Pembe moja ikififia kupita zile nyingine tatu, jaribu tena umesimama sawasawa mbele ya ukuta. Na ikiwa bado yafifia, lenzi hiyo imeanguka.

BINTI: Na hiyo ya kukodi kwa ajili ya majahazi, Mjomba, niikague vivyo hivyo?

MWENYE MASAFA: Hiyo irudishe hadi 18, kisha iinamishe ikitazama chini. Ikishuka yenyewe kwa uzito wake, si aibu, zipo nyingi za aina hiyo. Lakini mweleze mwenye kuikodisha kabla hujatoka dukani, asije akasema umeilegeza wewe.